Msimbo uko wazi, tuusome

Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wenye madini, yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikachukua sampuli, na hoja iliyotikisa nchi ikawa moja: karatasi za mwenye mzigo hazitoshi, tuone kilichomo. Kwa watu wa ukanda wa dhahabu, kuanzia Bulyanhulu hadi maduara ya wachimbaji wadogo huko Mwakitolyo, hoja hiyo haikuhitaji ufafanuzi. Ajabu ni kwamba hatujaipeleka kwenye programu za kompyuta, ingawa ndizo zinazotuhesabu. Wagonjwa wanaoandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, katika zahanati za Shinyanga Vijijini huishia kwenye DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na nchi zaidi ya 70. Msimbo wake uko GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, bure, kwa yeyote anayetaka kuufungua.

Wanaoufungua ndio tunaowakosa. Vijana wetu wanahimizwa kuandika programu; kusoma zilizoandikwa na wengine hakupewi uzito. Zana zipo. Kihariri cha Visual Studio Code huonyesha mafaili pembeni na maandishi katikati, na ukisimama kwenye mstari unaweza kujua nani aliuandika, lini, na kwa sababu gani. Chukua faili la ValidationRule la DHIS2, linalobeba kanuni za kuhakiki takwimu: kiini chake ni upande wa kushoto, alama ya kulinganisha na upande wa kulia. Nchi ikiweka kanuni kwamba wajawazito waliopimwa malaria wasizidi waliohudhuria kliniki, kanuni hiyo hukaa katika umbo hilo. Anayeijua MTUHA ataitambua mara moja.

Watasema bando ni ghali. Lakini Git, zana ya kutunza msimbo iliyoundwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hushusha hifadhi nzima pamoja na historia yake. Mzigo wa kwanza ni mkubwa, lakini ukishashushwa mjini hunakiliwa kwa flashi, na kusoma hakuhitaji tena intaneti. Watasema akili mnemba sasa inaandika yenyewe, kana kwamba kazi yake haihitaji mkaguzi anayejua kusoma. Pingamizi zito ni Kiingereza, maana majina na maelezo yote yako katika lugha hiyo, na wengi hukatia tamaa hapo. Lakini mwalimu akilifungua faili la ValidationRule ukutani na kulieleza mstari kwa mstari kwa Kiswahili, akitumia takwimu za zahanati wanayoijua wanafunzi wake, kinachobaki ni msamiati wa maneno machache, na huo hujifunzwa.