Uhasibu, Taaluma Isiyoridhika na Shahidi Mmoja

Sehemu kubwa ya maandishi ya kale zaidi yanayojulikana duniani ni hesabu za ghala. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa katika mji wa Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, ambavyo viliandikwa kati ya takriban miaka 3300 na 3000 kabla ya Kristo (KK), vinaorodhesha shayiri, kondoo, bia na posho za vibarua. Jina Kushim, ambalo ni miongoni mwa majina ya mwanzo kabisa kuandikwa, hutokea katika vibao vya shayiri ya kutengenezea bia, ingawa wataalamu hawajaafikiana kama lilikuwa la mtu au la cheo. Uhasibu, yaani taaluma ya kunakili, kupanga na kuhakiki mali inavyoingia na kutoka, ulikuwapo basi kabla ya fasihi andishi, na tangu hapo vifaa vyake vimebadilika mara nyingi huku kanuni moja ikidumu: rekodi iliyo mikononi mwa upande mmoja tu haihesabiwi kuwa ushahidi kamili.

Kanuni hiyo ni kongwe kuliko vibao vyenyewe. Kwa maelfu ya miaka wakazi wa Mashariki ya Kati walitumia vidude vidogo vya udongo vyenye maumbo ya pia, tufe na kisahani, ambavyo, kwa mujibu wa mtaalamu wa akiolojia Denise Schmandt-Besserat, kila umbo liliwakilisha aina na kiasi fulani cha bidhaa. Kufikia takriban mwaka 3500 KK vidude hivyo vilikuwa vikifungiwa ndani ya matufe ya udongo yenye uwazi katikati, na juu ya matufe hayo ikapigwa mihuri, ili asiwepo wa kupunguza wala kuongeza kitu bila kujulikana. Kwa kuwa yaliyomo hayakuweza kuonekana pasipo kulivunja tufe, baadhi ya watunzaji waligandamiza kwanza kila kidude juu ya udongo ungali mbichi, hata idadi ileile ikawapo mara mbili, ndani kwa vidude na nje kwa alama. Schmandt-Besserat anashikilia kwamba alama za nje zilipozoeleka kusomwa, vidude vya ndani vilikosa kazi, tufe likawa kibao, na kutokana na alama hizo yakachipuka maandishi. Wapo wataalamu wasiokubali kila hatua ya nadharia hiyo, lakini matufe yenyewe yamehifadhiwa hadi leo.

Hazina ya wafalme wa Uingereza nayo, kuanzia karne ya 12, ilitoa stakabadhi za vijiti. Richard FitzNigel, mweka hazina aliyeandika kitabu kuhusu kazi za ofisi hiyo, anaeleza kwamba pauni 1,000 zilionyeshwa kwa mkato wenye unene wa kiganja, pauni 100 kwa upana wa kidole gumba, pauni 20 kwa upana wa kidole cha mwisho, na pauni moja kwa unene wa punje ya shayiri iliyoiva. Kijiti kilipokwisha kukatwa alama kilipasuliwa kwa urefu, kipande kirefu akapewa aliyelipa fedha na kifupi kikabaki Hazina, na siku ya kukaguana vipande viliunganishwa, ambapo mikato na nyuzi za mti zilipaswa kukutana sawasawa. Kughushi kulikuwa kugumu, kwa kuwa hakuna vijiti viwili vinavyopasuka kwa namna moja. Sheria ya kuuondoa utaratibu huo ilipitishwa mwaka 1782, lakini haikutekelezwa kikamilifu hadi mwaka 1826, na malundo ya vijiti yakabaki bila kazi. Tarehe 16 Oktoba 1834 vilichomwa katika matanuri yaliyokuwa chini ya Baraza la Malodi, moto ukazidi nguvu, na kabla ya kupambazuka sehemu kubwa ya Bunge la Uingereza ilikuwa imeteketea. 

Karne nyingi kabla ya moto huo, wafanyabiashara wa Italia walikuwa wamekwisha kuwaweka mashahidi wote wawili ndani ya daftari moja. Katika utaratibu wao, unaoitwa mfumo wa maingizo mawili, kila muamala huandikwa mara mbili, upande wa debiti wa akaunti inayopokea na upande wa krediti wa akaunti inayotoa. Mfanyabiashara wa Venice aliponunua pilipili manga kwa dukati 100 taslimu, aliiandika akaunti ya pilipili kuwa imepokea 100 na akaunti ya fedha kuwa imetoa 100. Hivyo jumla za pande mbili zililazimika kulingana, na zisipolingana ilijulikana mara moja kwamba pana kosa. Leja ya kampuni ya Giovanni Farolfi, iliyotunzwa na Amatino Manucci huko Salon, kusini mwa Ufaransa, katika miaka ya 1299 na 1300, ni miongoni mwa mifano ya mwanzo iliyosalia. Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko ambaye mara nyingi huitwa baba wa uhasibu, hakuubuni mfumo huo, bali aliueleza katika kitabu cha hisabati kilichochapwa Venice mwaka 1494, na uchapaji ndio ulioueneza. 

Hata hivyo, ulinganifu wa daftari si uthibitisho wa ukweli, kwa sababu karani aliyesahau muamala wote, au aliyeandika kiasi kilekile cha uongo pande zote mbili, huacha urari ukiwa sawa. Hapo ndipo anapohitajika mkaguzi, yaani mhasibu kutoka nje anayelinganisha daftari na mali yenyewe. Wahasibu wa Edinburgh, ambao kazi yao nyingi ilihusu watu waliofilisika, walipata hati ya kifalme ya kuunda chama chao mwaka 1854, na utaratibu huo wa kusajili na kutahini wahasibu ukasambaa hadi Afrika Mashariki, ambako Tanzania ilitunga sheria iliyounda bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi (NBAA) mwaka 1972 na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 1977.

Kurudufisha rekodi kunaweza pia kuzaa kosa. Kampuni ya Price Waterhouse, leo PwC, imehesabu kura za tuzo za filamu za Oscar tangu mwaka 1935, na kwa usalama wahasibu wawili walikuwa wakisimama pande mbili za jukwaa, kila mmoja na seti kamili ya bahasha za washindi. Usiku wa tarehe 26 Februari 2017 bahasha ya mwigizaji bora wa kike ilikuwa imekwisha kufunguliwa kutoka upande mmoja, kisha pacha wake akatolewa upande wa pili kimakosa wakati wa tuzo ya filamu bora, na La La Land ikatangazwa badala ya Moonlight, hadi kosa liliposahihishwa mbele ya watazamaji dakika chache baadaye. Marekebisho yaliyofuata mwaka 2018 hayakupunguza nakala: mhasibu wa tatu aliwekwa katika chumba cha kuongozea matangazo, naye akapewa seti yake kamili ya bahasha.