Safari ya Tonge na Amana ya Mwili

Kila tufuturupo, tonge huanza safari ndefu. Kinywani husagwa na kulainishwa kwa mate. Umio hulisukuma hadi tumboni, ambamo asidi na vimeng'enya hulifanya uji mzito. Utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi, hufyonza virutubisho na kuvitia katika damu. Utumbo mpana, wa takriban mita 1.5, hufyonza maji na kubakisha taka.

Ukuta wa tumbo hukingwa na ute usiliwe na asidi yake wenyewe. Kinga hiyo ikidhoofishwa na bakteria, au na dawa za maumivu kama aspirini, huzuka vidonda. Ramadhani iliyopita, mzee wetu mmoja msikitini alificha choo cheusi kama lami, akiona haya kula mchana. Kumbe ile ilikuwa damu. Tulimpeleka hospitali akiwa hajiwezi, alhamdulillahi, alipona.

Ndugu zetu, Allah amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Aonaye dalili hiyo asingoje Magharibi. Aende hospitali saa hiyo hiyo.