Sauti ya lumbesa hailipi tena kwa studio za nyumbani

WENYE studio ndogo za nyumbani wanaotumia fedha ili nyimbo zao zisikike kwa sauti kubwa kuliko za wenzao huenda wananunua bidhaa ambayo mitandao ya muziki huipunguza mara tu inapopokea mzigo.

Hali hiyo inafanana na gunia la lumbesa. Muuzaji hushindilia na kujaza hadi gunia livimbe, lakini bei hubaki ya gunia moja. Ukija mzani, uvimbe huo hauna kazi. Katika soko la muziki, mzani umekwisha kufika.

Ushindani wa sauti kubwa ni wa tangu enzi za santuri, na ulishika kasi miaka ya 1990 wakati wa CD. Chanzo chake ni sikio lenyewe. Utafiti wa Fletcher na Munson uliotolewa Marekani mwaka 1933 ulionyesha kuwa sauti ikiwa ndogo, sikio hupungukiwa zaidi besi. Ndiyo maana nyimbo mbili zikilinganishwa, ile yenye sauti kubwa kidogo huonekana bora hata kama si bora.

Hata hivyo, rekodi ya kompyuta ina dari, nayo ni desibeli 0. Hakuna kinachopita hapo. Njia iliyobaki ni kukandamiza vilele vya sauti kwa kifaa kiitwacho limita, kisha kuunyanyua wimbo wote. Gharama yake ni kwamba ngoma hupoteza mshindo, sauti ya mwimbaji hukwaruza, na msikilizaji huchoka mapema.

Mfano unaofahamika ni albamu ya Death Magnetic ya kundi la Metallica, iliyotoka Septemba 2008. Nyimbo zake zilipatikana pia ndani ya mchezo wa Guitar Hero zikiwa hazijakandamizwa kiasi hicho. Mashabiki walilinganisha, na maelfu wakatia saini kutaka albamu irekebishwe. Albamu iliongoza kwa mauzo Marekani pamoja na malalamiko hayo, lakini kundi lenye jina huhimili lawama ambazo chipukizi hawezi kuzibeba.

Mabadiliko yalianza mwaka 2006, pale chombo cha kimataifa cha mawasiliano, ITU, kilipotoa kanuni ya kupima sauti kwa namna inayokaribia usikivu wa sikio. Kipimo hicho sasa huitwa LUFS, na huhesabiwa kutoka sifuri kwenda chini. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye LUFS -14. YouTube nayo hupunguza zinazozidi kiwango cha karibu na hicho, ingawa hainyanyui zilizo chini.

Hesabu yake ni rahisi. Wimbo uliosukumwa hadi -8 hupunguzwa desibeli 6, na ule wa -14 huachwa kama ulivyo. Zote mbili humfikia msikilizaji kwa ukubwa uleule, ila wa kwanza unafika umeshabondwa.

Hii haina maana kwamba sauti ndogo ni faida. Wimbo wenye wastani wa -20 ambao vilele vyake vinagusa dari hauna nafasi ya kunyanyuliwa, na utasikika dhaifu. Aidha, nyimbo zinazogawiwa kwa simu na memori kadi hazipiti kwenye mzani wowote, na msikilizaji wa Spotify anaweza kuzima usawazishaji. Kwa hiyo kusukuma kidogo bado kunahitajika.

Kwa mwenye mtaji mdogo, shilingi ya kwanza iende kwenye chumba. Magodoro na mablanketi mazito kuzunguka maiki hupunguza mwangwi ambao hakuna programu inayouondoa vizuri baadaye. Wakati wa kurekodi, vilele viachwe kati ya -12 na -6.

Hatua ya pili ni kukata mivumo ya chini kabisa kwenye sauti ya mwimbaji, kwa kawaida chini ya hezi 80. Mivumo hiyo haisikiki sana, lakini inakula nafasi ambayo ingetumiwa na ngoma na besi. Kukandamiza kufanyike kidogo kidogo, desibeli mbili au tatu kwa kila hatua, badala ya kubonda mara moja mwishoni.

Limita iwe ya mwisho, na dari yake iwekwe -1. Spotify inashauri -2 kwa wimbo unaozidi LUFS -14. Kipimo hakihitaji mtaji: Youlean ina toleo la bure, na Audacity, ambayo ni ya bure, inaweza kusawazisha kwa LUFS. Wimbo ulinganishwe na wa msanii mwingine anayeuza, zote mbili zikiwa kwenye ukubwa mmoja.

Jambo hili lina uzito kwa sababu tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12. Mzalishaji mdogo hafiki huko kwa kumshtua msikilizaji mara moja. Anafika kwa msikilizaji anayerudia wimbo, na sikio lililochoka halirudii.