Kuhamishwa Bila Kuulizwa

Mwalimu wa serikali nchini Kenya huajiriwa akijua kwamba anaweza kupangiwa kazi popote nchini, na kwa watu wengi mjadala wa uhamisho wa lazima huishia hapo: alitia saini, basi aende. Hoja hiyo ina msingi wake. Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010 kinaipa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, mamlaka ya kuajiri walimu, kuwapanga shuleni na kuwahamisha, na hakuna mwalimu anayemiliki kituo cha kazi. Lakini Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 47, inamtaka mwenye mamlaka atende haki na, uamuzi wake ukimwathiri mtu vibaya, amweleze sababu kwa maandishi. Sheria ya 2015 iliyotungwa kutekeleza kifungu hicho inaongeza notisi ya mapema na nafasi ya kusikilizwa. Aliyekubali kupangiwa kazi popote hakuziuza haki hizo.

Tazama barua yenyewe. Ina jina, nambari ya TSC, shule anayotoka, shule anayokwenda na tarehe ya kuripoti. Kabla ya tarehe hiyo mwalimu akabidhi vitabu vya kiada, rejista na alama za mitihani, atafute nyumba asikojua mtu, aamue kama mtoto aliye darasa la mtihani atahama naye au ataachwa kwa shangazi. Barua isiposema kwa nini amechaguliwa yeye, si mwenzake wanayeketi naye katika chumba cha walimu, basi uhamisho huo hautofautiki na adhabu. TSC ilipoanza mwaka 2018 kuwaondoa walimu wengi katika kaunti zao za nyumbani, chama cha walimu cha KNUT kililalamika kwamba viongozi wake walilengwa. Sheria ya Ajira inakataza mfanyakazi kuadhibiwa kwa sababu ya shughuli za chama. Ila pasipo sababu iliyoandikwa, mlalamikaji hana cha kushika, na tume nayo haina cha kujitetea.

Watetezi wa sera hiyo ya kuwaondoa walimu kwao walisema shule haziwezi kuwa za wenyeji watupu ikiwa taifa litaungana, na kwamba kila mwalimu akisikilizwa, shule za mbali zitakosa walimu. Hofu hiyo ni ya kweli, hasa kaskazini mashariki. Mapema mwaka 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, tume iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na madarasa yakabaki bila wa kufundisha. Hata hivyo, kumsikiliza mwalimu si kumpa uwezo wa kukataa. Tume inabaki na neno la mwisho. Inachopata ni habari ambazo faili haina: kwamba huyu anamuuguza mzazi, yule yuko tayari kwenda Turkana akipewa nyumba. Umoja wa taifa nao unaweza kujengwa kwa ajira mpya, kijana akipangwa mbali tangu mwanzo, kabla hajaota mizizi mahali. Mwaka 2022 Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kuikomesha sera hiyo, na walimu wakaanza kurudishwa. Kila aliyerudi aliacha pengo katika shule nyingine, na wanafunzi wakaanza upya na mwalimu mgeni, kama walivyofanya alipokuja yeye.