Kujifungua kwa Kisu: Habari ya Kisu cha Bunyoro

Mwezi uliopita shangazi alinipigia simu kutoka Bariadi. "Mdogo wako kajifungua salama," akasema, "ila kwa kisu." Ndivyo tunavyosema nyumbani, ingawa siku hizi kuna ganzi, nyuzi na dripu. Kisu kimebeba jina la kazi yote.

Nikakumbuka kisu kimoja cha makumbusho ya hapa London. Ni cha mkusanyiko wa Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa aliyefariki mwaka 1936 akiwa amekusanya vitu zaidi ya milioni moja. Vya tiba, sehemu kubwa iko mikononi mwa Science Museum: misumeno ya kukatia miguu, koleo za kuzalishia, na hicho kisu kutoka Bunyoro, Uganda.

Aliyetuachia habari zake ni Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa safarini na wamisionari. Mwaka 1879, mahali paitwapo Kahura, alishuhudia binti wa miaka kama 20, uzazi wake wa kwanza, akipasuliwa. Binti alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu. Mpasuaji alinawa kwa pombe hiyohiyo, akaosha na tumbo, kisha akasuuza kwa maji. Akapasua kuanzia juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu. Palipovuja damu pakaguswa kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa, kondo likafuata, na mfuko wa uzazi ukakandwa mpaka ukajikaza.

Tumbo lilifungwa kwa sindano 7 nyembamba za chuma, zimeng'arishwa vizuri, zikakazwa kwa uzi wa mbugu, lile gome la mti linalopondwa likawa nguo. Juu ikapakwa rojo ya mizizi iliyotafunwa, likawekwa jani la mgomba lililopashwa moto, kisha bendeji ya mbugu. Sindano zilianza kutolewa siku ya 3. Ya 6 zikaisha. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga.

Felkin alipoyasoma hayo mbele ya madaktari wa Edinburgh mwaka 1884, Ulaya yenyewe ilikuwa bado inahangaika. Njia ya Max Sänger ya kushona mfuko wa uzazi ilikuwa na miaka 2 tu, na akina mama wengi waliopasuliwa huko walikufa kwa damu au usaha. Felkin hakuona bahati tu pale Kahura. Aliona ufundi uliozoeleka.

Sasa rudi kwenye kile kisu cha makumbusho. Pombe ilinyweka, jani lilikauka, rojo ilibanduka. Kilichoingia makumbusho ni chuma. Lakini kupasua ndiyo kazi fupi kuliko zote. Yaliyomvusha yule binti ni ya kabla na baada.

Ndiyo maana napenda makumbusho ya Bujora. Ukitoka Bariadi kwenda Mwanza, ukishapita Lamadi na Magu, utayakuta pale Kisesa. Pale mganga wa Kisukuma amejengewa nyumba nzima, unaingia. Kifaa unakiona mahali pake.

Jana nilimpigia shangazi kuuliza hali ya mzazi. Kisu hakukitaja tena. Alisema kidonda kimekauka, uji anamaliza bakuli, na sasa anatembea mwenyewe hadi uani.