Mafaili ya Chipu Yawekwe kwa Mwenye Chipu

Ruta ya intaneti, king'amuzi cha televisheni na bodi ndogo kama BeagleBone Black huendeshwa na chipu moja iliyobeba ndani yake prosesa, milango ya mawasiliano, saa na mengine mengi. Kompyuta ya mezani ina nafuu: vifaa vyake vingi hujitambulisha vyenyewe mashine inapowaka. Chipu hizi hukaa kimya. Mlango wa kwanza wa mawasiliano wa chipu ya AM335x, iliyo kwenye BeagleBone Black, uko kwenye anwani 0x44e09000, na kerneli ya Linux haiwezi kulijua hilo mpaka iandikiwe. Swali ni liandikwe wapi, na mara ngapi.

Zamani liliandikwa ndani ya programu yenyewe, kila bodi na faili lake la C, nusu yake likirudia ya jirani. Machi 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani kuhusu fujo hiyo upande wa ARM, jamii ya prosesa zilizomo kwenye chipu kama hizi. Dawa ilitoka kwenye Open Firmware, mfumo uliowekewa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994: maelezo ya vifaa yakae nje ya programu, katika maandishi yaliyopangwa kama mti. Faili la chipu hutaja mlango ule na kuuacha umezimwa. Faili la pamoja la bodi za BeagleBone huuwasha, kwa kuwa hapo nyaya zimeunganishwa kweli. Faili la bodi yenyewe huongeza yaliyo yake tu. Anwani ikikosewa, hurekebishwa mara moja, na bodi zote zinazotumia chipu hiyo hupona.

Mafaili yenyewe, hata hivyo, yalirundikwa kwenye folda moja hadi yakawa ya bodi zaidi ya 1,500, kwa upande wa ARM ya biti 32 peke yake. Toleo la 6.5 la kerneli, la mwaka 2023, ndilo lililoyagawa kwa watengenezaji wa chipu. Wapo wanaoona huko ni kuhamisha makaratasi tu, kwani majina ya mafaili tayari huanza na jina la chipu. Sikubaliani nao. Chipu za omap3, am335x na dra7 zote ni za Texas Instruments, lakini katika orodha ya alfabeti hakuna anayeweza kuona undugu huo, na anayekagua marekebisho ya moja hana cha kumkumbusha aangalie nyingine. Hofu kwamba kuhama kungevunja kazi za watu ilikuwa na msingi zaidi, ila ilishughulikiwa: mafaili yaliyokwisha kugeuzwa kuwa data ya binari bado husakinishwa pamoja, bila folda za watengenezaji.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba kampuni huuzwa. NXP iliinunua Freescale mwaka 2015. Leo chipu za i.MX zilizotoka Freescale, zile za biti 32, zimo kwenye folda ya nxp, wenzao wa biti 64 wangali chini ya freescale. Ndani ya mafaili, vitambulisho vya chipu hizo bado huanza na fsl, kifupi cha Freescale, na havibadilishwi ovyo, kwa sababu bodi iliyouzwa zamani na maelezo yake inatakiwa iwake hata kwa kerneli mpya. Kwa hiyo jina la folda lisisomwe kama hati ya umiliki. Linamwelekeza msomaji kwenye ukoo wa chipu, na kwa kazi hiyo hata jina la kampuni iliyokwisha kumezwa linatosha.