Kioo kinapopiga kelele, mota husingiziwa

Kwenye gari la Dar es Salaam, kioo cha mlango wa dereva hakina likizo. Kinashushwa kwa askari wa barabarani, kwa mlinzi wa geti, kwa muuza korosho kwenye foleni ya Ubungo. Kinapandishwa upesi lori la mchanga likipita. Kinashushwa tena kwa kuwa kiyoyozi kiliishiwa gesi zamani na hakuna aliyekumbuka kukijaza. Wakati huohuo kioo cha nyuma kushoto kinaweza kumaliza mwezi bila kuguswa. Kwa hiyo kelele ikianza, mara nyingi huanzia kwa dereva, na kipimo cha kwanza hakigharimu kitu: zima redio, shusha na kupandisha kioo cha dereva, kisha fanya vivyo hivyo kwa kile cha nyuma. Tofauti utakayoisikia ndiyo kazi iliyo mbele yako.

Wengi hawafiki huko. Gari linapelekwa chini ya mwembe, fundi anabonyeza swichi mara mbili, anatangaza kwamba mota imechoka, na mtu anatumwa eneo la Gerezani kutafuta nyingine ya mtumba iliyotoka Japani. Mota inafungwa, hela inalipwa, na kioo kinaendelea kulia vilevile. Wakati mwingine kinazidi, maana mota yenye nguvu hulazimisha kile ambacho ile ya kwanza ilikuwa inashindana nacho polepole. Mimi nasema mota ndicho kifaa kinachosingiziwa kuliko vyote ndani ya mlango. Inachoka kweli, lakini mara nyingi imechoshwa: mpira umekauka, reli haina grisi, kebo imeanza kuchanika. Yakiachwa hayo, mota ya pili nayo itafuata njia ya mwenzake.

Ili kumbishia fundi bila kumkosea adabu, inafaa kujua kilichomo mle ndani. Kuna mota ndogo ya volti 12. Ncha yake ina gia ya skrubu inayozungusha gurudumu la meno, ambalo kwenye magari mengi ni la plastiki. Mpangilio huo ndio unaofanya kioo kibaki pale ulipokiacha umeme ukikatika, kwani skrubu inaweza kulizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu. Kutoka hapo nguvu inaingia kwenye kile ambacho mafundi wetu wanakiita mashine ya kioo, nayo ipo ya namna mbili. Ya kwanza ni ya mikono ya chuma, mara nyingi miwili iliyopishana, inayosukumwa na bamba la nusu duara lenye meno. Toyota nyingi za zamani zina hii. Ya pili ni ya kebo: waya mwembamba wa chuma umezungushwa kwenye ngoma, unapita kwenye kapi juu na chini, na unavuta kishikizo cha plastiki kilichobeba kioo juu ya reli. Magari mengi ya Ulaya yana hii ya pili. Volkswagen Golf ya kizazi cha nne ilijipatia jina baya kwa sababu yake, kwani vishikizo vya plastiki vilikuwa vinavunjika na kioo kinatumbukia ndani ya mlango bila taarifa.

Zama za mwanzo zilikuwa na taabu zake. Packard ya mwaka 1940, miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa yakiwa na vioo visivyozungushwa kwa mkono, iliinua vioo vyake kwa mafuta ya haidroliki. Anayeilaani mota yake leo na awaze kuziba mafuta yanayovuja ndani ya mlango, karibu na suruali ya dereva.

Turudi kwenye masikio. Kelele ya kioo ina sura nyingi, na kila sura ina mahali pake. Mlio mwembamba wa kukwaruza, unaosikika kioo kikiwa katikati ya safari yake na kuzidi wakati wa jua kali, karibu kila mara ni wa mpira. Kioo hupita kwenye mfereji wa mpira pande zote mbili za fremu, na chini, pale kinapozama mlangoni, kinabanwa na mikanda miwili yenye manyoya mafupi. Vumbi letu la barabara za mitaani hukaa humo, likashikana na jasho la hewa ya pwani, likawa msasa. Kuna jaribio moja la kuthibitisha ambalo nalipenda kwa urahisi wake: chukua chupa ya kupulizia yenye maji safi, lowesha mfereji na ile mikanda, kisha pandisha kioo. Mlio ukitoweka au ukibadilika, umempata mkosaji kabla ya kufungua skrubu hata moja. Maji si dawa, yatakauka baada ya dakika chache na mlio utarudi, lakini yamekwisha kutoa ushahidi.

Sauti ya ta-ta-ta, ya kugonga kwa mapigo yanayofuatana, ni habari nyingine. Kwenye mashine ya kebo maana yake ni kwamba nyuzi za waya zimeanza kukatika na kuruka juu ya ngoma, au kapi la plastiki limepasuka. Kwenye mashine ya mikono ni meno yaliyoliwa, ambayo hushika na kuteleza, kushika na kuteleza. Hapa usiendelee kubonyeza. Kebo iliyochanika hujisokota kwenye ngoma, na kilichokuwa tatizo la waya kinageuka kuwa tatizo la mashine nzima. Kwa wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni kwa mfano, au Mombasa, kutu ya chumvi huikuta kebo mapema.

Mota ikivuma na kioo kisisogee, umeme unafika na mota iko hai. Kilichokufa kiko baada yake, ama gurudumu la plastiki ama kebo. Mlio mzito wa kusaga unaotoka kwenye mota yenyewe ndio unaostahili lawama ya mota. Kishindo kimoja tu, mwanzo au mwisho wa safari, mara nyingi ni boliti zilizolegea zinazoshikilia mashine kwenye bati la mlango, na spana namba 10 inaweza kumaliza shauri hilo. Kama kelele inasikika unapofunga mlango kioo kikiwa nusu, kishikizo cha chini kimelegea au kimevunjika upande mmoja. Shika ukingo wa kioo kwa viganja viwili na ukitikise mbele na nyuma: kikicheza sana kuliko cha mlango wa pili, jibu unalo.

Kuna pia kioo kisichopiga kelele ila kinapanda kwa uvivu. Kabla ya kukihukumu, washa injini. Betri nzuri ikiwa imetulia ina volti 12.6 hivi, na injini ikiunguruma mfumo hupanda hadi karibu 14. Tofauti hiyo peke yake hubadilisha mwendo wa kioo. Kikiendelea kuzembea, tazama bomba la mpira linalopitisha nyaya kati ya mlango na mwili wa gari. Nyaya hizo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, miaka nenda miaka rudi, na hukatikia ndani ya ganda lake bila kuonekana. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: kioo kinafanya kazi mlango ukiwa wazi, ukiufunga kinagoma.

Kufungua kava la ndani la mlango si kazi ya kuogopwa, ingawa inahitaji subira kuliko nguvu. Skrubu hujificha nyuma ya kitasa na ndani ya sehemu ya kushikia unapovuta mlango; baada ya hapo kava linashikiliwa na klipu za plastiki pembeni. Klipu zilizokaa juani miaka 15 huvunjika, kwa hiyo nunua chache za akiba kabla hujaanza. Kwenye gari lenye mifuko ya hewa ya ubavuni, chomoa kwanza waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa soketi zozote.

Nyuma ya kava utakutana na karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Nina ugomvi wa muda mrefu na mafundi juu ya karatasi hii. Wanaichana, wanaitupa, wanakwambia haina kazi. Kazi yake ni kuyarudisha maji ndani ya mlango, kwa sababu mvua ikinyesha huingia mlangoni kupitia ukingo wa kioo na hutoka kwenye vitundu vilivyo chini kabisa. Bila nailoni, maji hayo yanakuja kwenye zulia, na masika yakifika gari linanuka uvundo ambao mwenyewe hajui ulikotoka. Wakati mlango uko wazi, pitisha waya laini kwenye vile vitundu vya chini. Vikiziba, maji hujaa, na unyevu hupanda hadi kwenye mota na mashine.

Sasa ndipo penye mtihani wa kutenganisha. Legeza boliti zinazounganisha kioo na mashine, kiinue kioo kwa mkono hadi juu na ukifunge kwa gundi ya karatasi pana juu ya fremu. Kisha endesha mashine tupu. Ikienda kimya, kosa liko kwenye mpira na kioo. Ikipiga kelele ileile, kosa liko kwenye mashine au mota. Halafu shusha kioo kwa mkono: kinapaswa kuteleza kwa ukinzani mdogo ulio sawasawa, bila mahali pa kung'ang'ania. Jambo hili huchukua muda mfupi tu, na sijui kwa nini ni mafundi wachache wanaolifanya.

Dawa inategemea ugonjwa. Mpira huoshwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kitambaa kikiviringishwa kwenye kijiti chembamba kifike ndani ya mfereji. Ukikauka hupuliziwa silikoni. Chuma kinachosuguana na chuma, yaani meno, ekseli za mikono na reli, kinataka grisi nyeupe ya lithiamu, kidogo. Oili ya injini ndiyo inayoharibu milango ya mji huu. Siku ya kwanza kioo kinateleza vizuri na kila mtu anafurahi. Baada ya muda oili imekamata vumbi, mpira umevimba na kulainika, na mota inasukuma tope. Hata zile dawa za kupuliza za kulegeza kutu, zilizo dukani kwa kila muuza spea, huosha grisi iliyokuwepo na kuacha chuma kikavu. Kama mpira umepasuka au umekuwa mgumu kiasi cha kukatika ukiukunja, hakuna cha kupulizia; nunua mwingine. Na tazama tinti: ikianza kubanduka kwa chini, ukingo wake hukwaruza mikanda na kutoa mlio ambao fundi anaweza kuutafuta kutwa nzima ndani ya mlango.

Chochote unachopulizia, kisiguse swichi. Mwezi wa Oktoba 2012 Toyota iliyaita tena magari zaidi ya milioni 7 duniani kote, Vitz ikiwa miongoni mwake, kwa sababu grisi ya ndani ya swichi kuu ya mlango wa dereva haikuwa imepakwa sawasawa. Swichi ilikuwa ngumu kubonyezwa, na kampuni ilionya kwamba mwenye gari akiipulizia vilainishi vya kawaida vya dukani, inaweza kuyeyuka na kutoa moshi. Mwaka 2015 yaliitwa mengine milioni 6.5 kwa tatizo la swichi hiyohiyo. Mengi ya magari ya umri huo yameuzwa kama mitumba na yanatembea kwetu. Tovuti ya Toyota ya Japani ina sehemu ya kuingiza namba ya chesisi na kuona kama marekebisho yalifanyika. Swichi inayokwama inabadilishwa au inapelekwa kwa fundi umeme anayejua grisi gani inafaa.

Ikibidi kununua mashine au mota, nenda na ile ya zamani mkononi. Ya kulia na ya kushoto haziingiliani, na soketi za mota hutofautiana hata kwenye magari ya jina moja. Usilipe kabla ya kuijaribu kwa betri ya dukani. Ukigeuza nyaya, mota inapaswa kuzunguka upande wa pili kwa nguvu ileile. Kwa mashine ya mikono, tahadhari moja ni ya lazima: nyingi zina springi ya kujiviringa inayosaidia kubeba uzito wa kioo, na mota ndiyo inayoizuia. Ukifungua mota bila kulibana lile bamba la meno, springi inafyatuka na mkono wa chuma unaweza kukata vidole.

Mwisho wa kazi, kama kioo kina mtindo wa kupanda chenyewe kwa mguso mmoja, kinahitaji kufundishwa upya. Kwenye magari mengi unakipandisha hadi mwisho huku umevuta swichi, na unaendelea kuishikilia kwa sekunde chache baada ya kufunga. Kitabu cha gari lako kinaeleza utaratibu wake. Hatua hii ndiyo inayoirudishia mashine kumbukumbu ya mwisho wa safari, na kwa magari yenye kinga ya vidole, ndiyo inayokiwezesha kioo kurudi chini kikikutana na kitu njiani. Kijaribu kwa taulo lililokunjwa, si kwa mkono, na ufanye hivyo kabla ya watoto kupanda gari kesho asubuhi.